Tukimlilia Mhusika Mwovu, Tusimsahau Aliyedhulumiwa

Si zamani sana nilialikwa mjini Busia kuwa miongoni mwa waamuzi wa michezo ya kuigiza ya shule za upili. Mchezo mmoja ulinigusa kuliko mingine yote siku hiyo. Ulimhusu kijana mwendesha bodaboda aliyekuwa akivusha sukari usiku kutoka upande wa Uganda. Kijana huyo aliwahonga askari, akamsaliti rafiki yake, na hatimaye akamwacha mwenzake afungwe kwa kosa lisilo lake. Kwa kipimo chochote cha maadili, huyo alikuwa mhusika mwovu. Hata hivyo, alipoketi peke yake jukwaani akihesabu noti za kumpeleka mamake hospitalini, ukumbi mzima ulinyamaza kimya. Wasichana wa safu ya mbele walipangusa machozi. Na alipotiwa pingu, wanafunzi walizomea. Waliyemzomea ni askari.

Mwalimu mmoja aliyekuwa kando yangu alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Daktari," akaninong'oneza, "hawa watoto tumewapoteza. Wanamlilia mhalifu!" Akapendekeza tuupunguzie mchezo ule alama kwa kupotosha maadili.

Pendekezo lake nililikataa, lakini sikuweza kulipuuza. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, mwanafunzi anayemhurumia mhusika mwovu amepotoka, au amesoma vizuri kuliko mwalimu wake?

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili kimetupa neno zuri mno katika uhakiki: mhusika. Neno hili linatokana na kitenzi kuhusika, na halibebi hukumu yoyote ndani yake. Mhusika si mwema wala mwovu. Ni mtu ambaye jambo linamhusu. Sisi walimu ndio tunaomvika vazi la hukumu pindi anapoingia darasani. Twaandika ubaoni: katili, mnafiki, fisadi, mwenye tamaa. Mwanafunzi anakariri orodha hiyo, anaitolea mifano kitabuni, na anapata alama zake zote. Kinachopotea ni mtu mwenyewe.

Waandishi nao mara nyingi hutangulia kumhukumu mhusika kwa mbinu tuitayo majazi. Tuchukue riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyotahiniwa katika shule zetu za upili kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Msomaji anapokutana na Mtemi Nasaba Bora na nduguye Mwalimu Majisifu, majina tayari yamekwisha kumwambia wa kumchukia. Lakini Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, hakuwa mwandishi wa kutosheka na majina. Majisifu ni mwizi wa mswada. Amechukua jasho la kijana Amani, akalitia jina lake, akavikwa taji la uandishi asilostahili. Ni mlevi, na anawaonea haya watoto wake mwenyewe kwa sababu wamezaliwa na ulemavu. Ni nani basi angemhurumia?

Mimi nimewaona wanafunzi wengi wakimhurumia. Wanamhurumia anapoalikwa chuo kikuu kuhutubia na kugundua kwamba sifa za kuazima hazina maneno ya kusema. Wanamhurumia zaidi anapokiri kosa lake. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu, aliyekuwa akijiandaa kuwa mwalimu, aliniambia kwamba hakumpenda Majisifu hata kidogo, ila alimwogopa, kwa kuwa alijiona ndani yake kila aliponakili kazi ya mwenzake. Naona jibu hilo lina thamani kuliko orodha ya sifa ishirini.

Jambo hili si geni. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kwamba kuanguka kwa mtu mwovu kabisa hakuleti huruma wala hofu. Huruma humwendea aliyeangamia kupita alivyostahili, na hofu hutujia tumwonapo mtu aliyefanana nasi akianguka. Wahakiki wetu nao hutofautisha mhusika bapa, asiyebadilika wala kutushangaza, na mhusika duara, aliye na pande nyingi kama binadamu. Mwovu akiwa bapa, mwanafunzi hujifunza jambo moja tu: kwamba uovu ni wa watu wengine. Akiwa duara, hujifunza jambo gumu zaidi: kwamba njia ya uovu huanzia karibu na nyumbani.

Hata tafsiri inatufunza hilo. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Shakespeare alitumia neno mfanyabiashara tu. Nyerere akachagua neno bepari, ambalo katika Tanzania ya Azimio la Arusha lilikuwa na uzito wa lawama. Na kwa kuwa neno lenyewe ni la wingi, lawama haikumwangukia Shylock, mkopeshaji Myahudi, peke yake. Ilienea mji mzima. Hata hivyo, Shylock anaposimama kudai kwamba yeye naye ni binadamu wa damu na nyama kama wale wanaomtemea mate, msomaji hutetereka. Hatusahau kwamba anataka kumkata mwenzake ratili ya nyama. Lakini tunatambua pia kwamba waliomtukana hawakuwa na mikono safi.

Huenda msomaji akaniuliza: je, huruma hii haina mpaka? Swali hilo ni la haki, na sisi tunaoishi hapa mpakani hatuwezi kulikwepa. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya The Last King of Scotland, iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Forest Whitaker, aliyeigiza Idi Amin, alituzwa Oscar mwaka 2007, na alistahili. Amin wake anacheka, anapiga muziki, anakumbatia watu. Mtazamaji anacheka naye kabla ya kugutuka. Lakini Amin hakubuniwa na mtunzi. Alitawala Uganda tangu mwaka 1971 hadi 1979, na wako wazee Busia na Malaba wanaokumbuka waliovuka mpaka wakiwa na nguo walizovaa tu. Baadhi ya familia hizo bado zinaulizia ndugu ambao hawakurudi. Mzee wa namna hiyo akikataa kucheka na Amin wa filamu, hatuna haki ya kumwambia kwamba hajui sanaa.

Hapo ndipo ninapoliona jibu. Kosa halimo katika kumhurumia mwovu. Kosa huingia pale ambapo huruma yote inamwendea mwovu na aliyedhulumiwa anaachwa bila sauti. Katika Kidagaa, Walibora hakufanya kosa hilo. Tunamwona Mtemi akiporomoka, lakini tunamjua pia Imani, aliyempoteza mama kwa dhuluma ya shamba, na tunamjua Amani, aliyeibiwa mswada na bado akawa na moyo wa kusamehe. Mwandishi ametupa mizani yenye sahani mbili.

Sasa nirudi Busia, kwenye ule mchezo wa bodaboda. Neno bodaboda lenyewe, wengi wetu husema, lilizaliwa papa hapa, kutokana na baiskeli zilizowabeba abiria kati ya kituo cha forodha cha upande huu na cha upande wa pili. Katika mchezo ule, askari alitumia neno magendo. Kijana hakulitumia hata mara moja. Yeye alisema anavusha, kitenzi kilekile tunachokitumia kwa anayemsaidia bibi kizee kupita mto. Tendo ni moja. Sheria ina jina lake na tumbo lina jina lake. Mtunzi, ambaye nadhani alikuwa mwalimu wa shule ile, alizisikiliza lugha zote mbili. Kwa hilo nilimpa alama za juu.

Lakini kuna lugha ya tatu ambayo hakuisikiliza, nayo ni ya mkulima wa miwa. Sukari inayovushwa usiku huuzwa katika soko lilelile analolitegemea mkulima wa Nambale au wa Amukura. Mwaka 2019 kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni, sababu za kuanguka kwake zilizotajwa zilikuwa nyingi, usimamizi mbaya ukiwamo, na sukari ya bei rahisi kutoka nje haikukosa kutajwa. Katika mchezo ule hapakuwa na mkulima hata mmoja. Hata yule mwenzake aliyefungwa bila hatia hakupewa sentensi moja ya kujililia.

Nasema haya nikiwa na deni upande wa kila sahani. Nililelewa karibu na Malaba. Karo yangu ya shule ilitoka katika mikono miwili: wa baba, aliyekuwa na ekari mbili za miwa, na wa mjomba, aliyevusha sukari kwa baiskeli usiku. Muhula ambao miwa ya baba ilikaukia shambani kwa kukosa mnunuzi, ni mjomba aliyenilipia. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba huenda mkono mmoja ulikuwa ukiunyang'anya mwingine. Nampenda mjomba hadi leo. Hata hivyo, siwezi kumsimulia bila kumtaja baba.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nina ombi moja dogo. Mwanafunzi akisema anamhurumia Majoka wa Kigogo au Mtemi wa Sokomoko, tusimkatize. Tumwombe aeleze ni wapi huruma hiyo ilimwingia kitabuni, kwa ukurasa na kwa tendo. Kisha tumuulize swali la pili: ni nani aliyelipa gharama ya maisha ya mhusika huyu, na amepewa maneno mangapi? Akiyajibu yote mawili, amehitimu, hata kama baraza la mitihani halikuuliza.

Nanyi wanafunzi, msiyaonee haya machozi yenu. Mtakapokuwa wapiga kura, mahakimu, askari na wazazi, mtaletewa watu wenye makosa, na kila mmoja atakuja na kisa chake cha kutia huruma. Kisikilizeni hadi mwisho. Halafu, kabla ya kukata shauri, geukeni mtazame ni nani aliyebaki nje ya mlango akingoja zamu yake ya kusema.