Sakafu Kwanza, Zulia Baadaye

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Nami leo naongeza kuwa wala si paa, wala si ukuta. Maana hapana alalaye juu ya paa, wala mtoto hatambai ukutani. Nyumba hujulikana pale panapokanyagwa, na hapo ndipo wajenzi wetu wanapopasahau. Nimechukua mfano wa mbali, Kalobeyei katika nchi ya Waturkana, kwa sababu jambo linalofichika katika majumba makubwa ya miji yetu hudhihirika waziwazi katika nyumba ndogo ya jangwani.

Kalobeyei ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016, kilomita chache kutoka kambi ya Kakuma iliyoanza mwaka 1992. Kusudi lake ni wakimbizi na wenyeji wakae ujirani, washirikiane soko, shule na zahanati. Nyumba za mwanzo zilikuwa za muda. Baadaye Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilizipa familia fedha za kujijengea nyumba za kudumu, kila mmoja na fundi wake. Na mwaka 2017 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa lilimwita mbunifu mashuhuri wa Kijapani, Shigeru Ban, atoe rai yake juu ya nyumba ziifaazo nchi ile. Hayo ni mema, na mwenye kutenda mema hanyimwi sifa. Lakini fedha ikiwa ni ya kuhesabu, kuta na paa huila yote, na chini hubaki vumbi. Hapo ndipo zulia la plastiki, lile liitwalo vinili, linapotamanisha: lauzwa kwa mita, lina picha ya mbao au ya marumaru, na kwa saa moja chumba chageuka sebule.

Basi na tulitazame zulia lenyewe. Lile la rahisi lina matabaka matatu: chini sponji, kati picha iliyopigwa chapa, na juu ngozi nyembamba iliyo wazi kama kioo. Uhai wake wote umo katika ngozi hiyo. Ikiisha, picha yachubuka, na marumaru yako huwa viraka. Ngozi ya zulia la nyumbani aghalabu haizidi thuluthi ya milimita. La dukani hutakiwa nusu milimita au zaidi. Viwango vya Ulaya vimeyapanga kwa namba: 21 hadi 23 ni ya nyumba, 31 hadi 34 ni ya maduka na ofisi, na 41 hadi 43 ni ya viwanda vyepesi. Mnunuzi aulize namba kabla ya kuuliza rangi.

Sasa lipeleke zulia hilo Kalobeyei. Makampuni mengi ya Ulaya huonya kwamba sakafu yenye mabomba ya kupashia joto chini yake isipite nyuzi 27 au 28, la sivyo vinili yaweza kutanuka na gundi kulegea. Turkana joto la mchana hupita nyuzi 35 bila ya bomba lolote! Mchanga nao, ukiletwa na kila unyayo, ni msasa usiochoka. Na likitandikwa juu ya udongo mtupu, kila kokoto hulitoboa kutoka chini, unyevu wa mvua hunaswa humo, na wadudu hupata maficho. Kaa la moto likianguka, shimo. Na mabaki yake yasitiwe jikoni kuwashia moto, kwani moshi wake una asidi inayochoma pumzi.

Simaanishi kwamba vinili haina mahali pake. Zahanati yaihitaji kweli: ile nzito, iliyo rangi moja kutoka juu hadi chini, maungio yake yakichomelewa na kingo zikipandishwa kidogo ukutani ili damu na uchafu visipate ufa wa kukaa. Duka pia lafaa. Taarifa ya mwaka 2018 ya shirika la fedha la IFC ilihesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, na mwenye duka ajua kuwa mteja hupenda pasafi. Lakini hao wote waanze na saruji iliyosawazishwa na kukauka sawasawa. Fundi anayebandika juu ya saruji mbichi anauza malengelenge.

Ama kwa nyumba ya kulala, rai yangu ni hii: shilingi ya kwanza iende kwenye sakafu yenyewe. Si suala la urembo. Huko Mexico serikali iliwawekea maskini saruji mahali pa udongo, na wataalamu walipopima, taarifa yao ya mwaka 2009 ilisema maradhi ya minyoo kwa watoto yalipungua kwa asilimia 78 pale udongo ulipoondoka wote. Na saruji ikiwa ghali, ipo njia nyingine: Rwanda, shirika la EarthEnable hushindilia udongo na kokoto, kisha huupaka mafuta ya mbegu yanayokauka yakawa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Huo ni ujuzi wa kuigwa.

Juu ya sakafu hiyo, tandiko liko karibu. Kingo za mito ya Turkana zina mikoma, na wanawake wa Kiturkana, ambao tangu jadi ndio wajenzi wa nyumba zao, ni mafundi wa kusuka miaa yake. Mkeka hupumua, hukung'utwa, huanikwa juani, na ukichakaa hurudi udongoni. Bei yake hubaki kwa jirani. Na katika nchi ambayo mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa, fedha inayobaki kwa jirani ni sahani ya mtu.

Nasi watu wa mwambao tusicheke. Babu zetu walipiga sakafu za chokaa zikadumu vizazi, wakatandika mikeka ya ukindu iliyosukwa na mama zetu. Leo twaifunika chokaa hiyo hiyo kwa plastiki; nayo, kwa unyevu wa pwani yetu, huota ukungu kwa chini, na harufu yake hutufikia tunaposujudu.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga nyumba za Kalobeyei, na wanaopanga za Likoni na Kisauni: katika hesabu ya nyumba, andikeni sakafu kabla ya rangi na mapambo. Na kabla ya kuchagua, aulizwe mama mwenye nyumba, maana yeye ndiye afagiaye, na mwanawe ndiye atambaaye.