Paka wa Kikapuni



Katika mabaraza yetu ya huku ughaibuni kuna neno linalosemwa kama jambo lisilo na mjadala: ati ulimwengu una pande mbili, mtazamaji na kitazamwacho, na kati yao umesimama ukuta tangu asili. Sisi tunalipinga.

Ukuta huo una mafundi wake. Anayejulikana zaidi ni Mfaransa René Descartes, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1641 alitenga nafsi inayofikiri na vitu vinavyojaza nafasi. Alikuwa akitafuta jambo lisilotiliwa shaka. Njia yake ya kutafutia, wafuasi wameigeuza kuwa umbo la dunia!

Tungeweza kujisifu kwamba Kiswahili kina neno "kuonana", ambamo kila mmoja ni mwenye kuona na mwenye kuonwa. Lakini lugha peke yake si ushahidi. Ushahidi ni huu.

Mwaka 1963, huko Marekani, Richard Held na Alan Hein walichukua watoto wa paka waliolelewa gizani, wakawatoa mwangani wawili wawili kwa saa chache kila siku. Mmoja alitembea kwa miguu yake. Mwenziwe alikaa ndani ya kikapu kilichovutwa na mwendo wa yule wa kwanza. Waliyoyaona yalikuwa karibu sawa. Walipojaribiwa, aliyetembea alijua kukwepa ukingo wa shimo na kunyoosha miguu akishushwa mezani. Wa kikapuni hakujua, ingawa macho yake yalikuwa mazima.

Kama kuona kungekuwa kupokea picha tu kutoka ng'ambo ya ukuta, wote wawili wangejua sawa. Kuona ni kazi inayofanywa na mwili na dunia kwa pamoja. Mtazamaji na kitazamwacho huja baadaye, tunapokaa kuhesabu.

Tutajibiwa kwamba bila kutenga hakuna sayansi wala mahakama. Ni kweli, wala hatusemi mlima hutoweka tukifumba macho. Lakini kutenga ni kama mpaka wa shamba: unafaa, unazuia ugomvi, ila udongo wa chini haukugawanyika.

Kwa nini tunalishikia bango jambo hili? Kwa sababu ya watoto wetu. Tunawaonyesha kwao kwa picha na video sebuleni, kisha tunalalamika kwamba hawapajui. Hatumlinganishi mtoto na paka, lakini kikapu tumekisuka wenyewe. Nauli ikipatikana, waende wakatumwe dukani, wapotee vichochoroni, wasahihishwe salamu na bibi zao.

Wale paka wa kikapuni, walipoachiwa watembee mwangani, nao walijifunza. Basi hatujachelewa. Anayebisha, atuandikie.