Ukimya wa Nachingwea si Pambo

Imezuka lugha mpya katika biashara ya utalii, na yafaa ichunguzwe kabla haijaota mizizi. Wauzaji wa safari, baada ya kuzijaza magari njia za Serengeti na kuzibananisha hoteli bega kwa bega katika fukwe za Nungwi na Kiwengwa, sasa wanamnong'oneza mteja wao kwamba raha ya kweli iko mbali na umati. Wanamwahidi vijiji vilivyotulia, watu wanyofu, na pwani isiyo na nyayo. Kidole chao kinaelekea kusini: Kilwa, Lindi, Mikindani, na kutoka huko kupanda bara mpaka Ruangwa na Nachingwea, mahali ambapo, kwa maneno yao wenyewe, bado hapajagunduliwa.

Hapajagunduliwa na nani? Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji, msikiti na sultani. Misafara iliyoshuka kutoka pande za Ziwa Nyasa kuja bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani ilizichonga njia za kusini kwa miguu ya wapagazi na kwa miguu ya watumwa, miongo mingi kabla David Livingstone hajashika njia kutoka Mikindani mwaka 1866. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wameijua ardhi hii mlima kwa mlima na kijito kwa kijito. Anayesema leo kwamba mahali hapo hapajagunduliwa anasema tu kwamba wanaoishi hapo si watu wa kuhesabiwa. Kasumba hiyo ni kongwe. Kinachosikitisha ni kwamba sasa inakaririwa na Waafrika waliosoma, tena kwa Kiswahili sanifu.

Lakini tuseme neno hilo ni ulimi tu ulioteleza. Linabaki jambo zito zaidi, nalo ni huo ukimya wenyewe. Mgeni husimama kando ya barabara ya Ruangwa, akatazama mikorosho, vichuguu na nyumba za udongo zilizopangwa mstari, akashusha pumzi na kusema: hapa pametulia. Hadhani hata kidogo kwamba utulivu anaousifu una watengenezaji wake.

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwafikia Wamwera, na Wajerumani walivizima kwa moto na kwa njaa: walichoma mashamba na maghala mpaka watu wakala mizizi. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1909, wataalamu kutoka Berlin walipiga kambi katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, wakaanza kuchimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Walichimba mpaka mwaka 1913. Waliochimba hasa walikuwa wananchi kwa mamia, chini ya msimamizi hodari Boheti bin Amrani, na waliobeba walikuwa wananchi vile vile, kichwani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Mifupa hiyo yapata tani 250 ilipakiwa melini. Mjusi mmoja kati yao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937, na watu wa dunia nzima hulipa kiingilio kumtazama. Umati upo basi, tena mkubwa. Ila uko Ujerumani, na kilichobaki Tendaguru ni mashimo na nyasi, ambavyo sasa vinasifiwa kwa kutokuwa na umati.

Nachingwea ina kisa chake kikubwa zaidi. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa mali ya Unilever, aliipelekea Serikali ya Uingereza shauri la kulima karanga katika Afrika kwa mashine. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, na bibi jikoni mjini London alikuwa akipimiwa majarini yake kwa kadi. Ikaamuliwa kwamba upungufu huo utatibiwa na udongo wa Mwafrika. Eka zaidi ya milioni 3 zilipigiwa hesabu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ikaanza mwaka 1947, na katika Tanganyika vikachaguliwa vituo vitatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta ili ving'oe miti. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikaanza kujengewa bandari yenye kina kirefu.

Kilichotokea kinajulikana. Visiki viliyashinda matrekta, udongo ukavunja majembe yake, mvua haikufuata ratiba iliyochapwa London, na mwaka 1951 Waingereza wakaufunga mpango huo wakiwa wameteketeza zaidi ya pauni milioni 36. Yafaa ikumbukwe kwamba wakati wote huo mkulima wa Nachingwea alikuwa akilima karanga zake kwa jembe la mkono na kuzivuna. Hakuna aliyekuja kumwuliza anazilima wakati gani na katika udongo upi.

Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, mzigo uliokusudiwa kupita hapo ukiwa umekwisha kufa. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu haikuwa na faida. Faida kwa nani, hilo halikuulizwa kwa sauti. Reli iliyowekwa kwa ajili ya karanga za mgeni ilihukumiwa kwa hesabu za mgeni. Mihogo, ufuta na korosho za wenyeji hazikuingizwa katika daftari. Baada ya hapo Kusini ilingoja. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo abiria wa Lindi na Mtwara walivuka kwa kivuko, au walilala kando ya mto kukisubiri. Hata baada ya daraja na lami kupatikana, mafuriko yaliyokuja na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 yaliikata barabara hiyo hiyo, na mikoa ya Kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Ukimya wa namna hiyo hauna uzuri kwa mama mjamzito wala kwa lori la dawa.

Zipo pia zile nyumba zilizopangwa mstari, ambazo mgeni huzipiga picha akidhani ni mila. Hizo nazo zina tarehe. FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi wa Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964, Tanzania ilikubali kuwa uwanja wa nyuma wa vita hivyo, na kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji ikawekwa Nachingwea, katika shamba linaloitwa mpaka leo Farm 17. Samora Machel aliwafunza vijana wake hapo. Wananchi wa Kusini waliishi wakiangalia juu, maana ndege za Wareno hazikuwa mbali, na ulinzi ulikuwa mojawapo ya sababu zilizoufanya Mkoa wa Mtwara, ambao Lindi ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1971, uingie katika maisha ya vijiji mapema kuliko mikoa mingi. Kuna waliohamia kwa hiari, na kuna waliohamishwa kwa amri wakaacha mikorosho yao mbali na nyumba mpya; ukweli huo haufichiki wala hauna haja ya kufichwa. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Sehemu ya gharama ya uhuru huo ililipwa katika vijiji hivi vinavyodhaniwa kuwa havijawahi kufikwa na historia.

Hapo ndipo hoja inapomgeukia mtu mwingine, ambaye si mgeni wala muuza safari. Ni mtumishi wa umma. Mwalimu au karani anayepangiwa Ruangwa huipokea barua yake kama hukumu ya mahakama. Kabla hajafungua begi amekwisha kuandika ombi la uhamisho. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru wananchi waliwaita watu wa tabia hii manaizi, na jina halijapitwa na wakati. Likizo ikifika hukopa apate kupanda boti kwenda Unguja, akapigwe picha ufukweni kama walivyopigwa wenzake. Miaka mitatu amekaa Nachingwea, hajafika Farm 17. Anaijua Berlin kwenye ramani na hajapata kuisikia Tendaguru. Darasani anawafundisha watoto Mpango wa Karanga kama habari ya nchi ya mbali, wakati babu wa mtoto aliyeketi dawati la mbele alivunja visiki katika mashamba hayo hayo. (Wapo walimu wasio hivyo. Ni wachache, na kwa kawaida hawana nauli.)

Mtumishi huyo na muuza safari wanaonekana kama mahasimu, mmoja akiukimbia ukimya na mwingine akiuuza. Kwa hakika ni ndugu. Wote wawili wanaamini kwamba Nachingwea hapana kitu. Laiti wangefika wakati wa msimu! Minada ya korosho na ya ufuta ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, haina utulivu wowote: kuna mizani, malori, magunia, bei inayosomwa mbele ya wakulima, na mabishano ya shilingi kwa shilingi ambayo mtaalamu yeyote wa uchumi angejifunza kitu kwayo.

Watasema baadhi ya wasomaji kwamba wananchi wanahitaji fedha, na kwamba kumkataa mgeni ni kumkataa mteja. Hoja hii si ya leo. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha katika gazeti la The Standard mjadala mkali kuhusu utalii na ujamaa, na mabishano hayo yakachapwa kuwa kitabu mwaka 1973 chini ya uhariri wa Issa Shivji. Vijana wale walizidisha mambo fulani. Nchi iliyopokea watalii wa nje zaidi ya milioni 2 mwaka 2024 haiwezi kujifanya kwamba fedha hiyo haipo. Hata hivyo swali lao halikupata jibu: nani anapanga, nani anamiliki, na nani anabaki kuwa mfagiaji?

Kilichokataliwa hapa si mgeni. Ni mpango unaotungwa mbali ukashushwa kijijini kama yalivyoshushwa matrekta ya mwaka 1947. Mfano wa karibu upo. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa kukuza utalii wa Kusini. Kusini ya mradi huo ilikuwa Ruaha, Mikumi, Udzungwa na pande za Selous ambazo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Ruangwa na Nachingwea hazikuwamo; kwa watunga miradi Kusini huanza na kwisha pale wanyama wakubwa wanapoonekana. Mwaka 2024 Benki ikasitisha fedha zake kufuatia malalamiko yaliyotoka Ruaha, na mradi ukaishia hapo. Anayejenga matumaini yake juu ya fedha ya namna hiyo asishangae ikiondoka kama ilivyoondoka reli.

Zana za kujilinda zimo mikononi mwa wananchi, iwapo watumishi watakubali kuwaeleza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mvuvi wa Mchinga anayezijua sheria hizo mbili hataamka siku moja akute uzio baina yake na ngalawa yake, jambo ambalo wavuvi wa fukwe nyingine wamekwisha kuliona. Ofisa anayezijua akanyamaza hana udhuru.

Na wageni wa kwanza wa vijiji hivi wawe Watanzania. Mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Nachingwea asipewe cheti kabla hajalala siku chache kijijini na kuandika alichosikia. Shule za Mtwara na Lindi ziende Tendaguru, Kilwa Kisiwani na Farm 17 kabla hazijaota Ngorongoro. Mtumishi aliyechoka na kelele za Dar es Salaam aende Ruangwa kwa basi, alale nyumba ya wageni ya mwenyeji, ale ugali wa mtama na kisamvu, alipe bei halali, asikilize. Msitu wa Rondo uko jirani, na ndani yake yumo komba mdogo ambaye dunia ya sayansi ilimpa jina katika miaka ya 1990. Wenyeji walikuwa wakisikia mlio wake usiku tangu zamani.

Jambo hili lina haraka ambayo wauza ukimya hawaioni. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 10 Mpango wa Karanga ulipofungwa mwaka 1951 amekwisha kuvuka miaka 80. Aliiona treni ikiingia Nachingwea na akaona reli ikifungwa. Akiwa mtu mzima aliwapa wapiganaji wa FRELIMO maji na chakula. Anaishi, yuko barazani, na kutoka barazani kwake mpaka shuleni si mwendo mrefu. Mwalimu wa historia hajamwita bado.