Wenzo Mwekundu kwa Rubani wa Nyumbani

Ikiwa kijana wako anajifunza kurusha ndege katika kompyuta, bila shaka joistiki yake ina fimbo moja tu. Fimbo hiyo huinua na kugeuza ndege. Lakini rubani ana mikono miwili, na leo tutaupa kazi ule wa pili.

Kazi yenyewe inawahusu hasa wakazi wa Kericho na Bomet. Kiwanja cha ndege cha Kerenga, Kericho, kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini ndogo ikipewa mafuta kwa kipimo cha pwani, mafuta huzidi hewa na nguvu hupungua. Ndiyo sababu kitabu cha Cessna 172 humtaka rubani apunguze mafuta kabla ya kupaa kutoka kiwanja kinachozidi futi 3,000. Kerenga ni zaidi ya mara mbili ya hapo! Rubani asiyejua hili anaweza kufika mwisho wa kiwanja magurudumu yangali chini.

FlightGear, programu ya bure iliyoanza miaka ya 1990, ina Cessna 172 ya kufanyia mazoezi hayo. Kinachokosekana ni wenzo wa mafuta.

Mwendee fundi wa redio umwombe kitasa cha sauti kilichoandikwa B10K. Kwa kawaida herufi B huonyesha kwamba kitasa hubadilika kwa usawa. Cha A huruka ghafla. Nunua pia kibao cha Arduino Leonardo, ambacho kompyuta inaweza kukitambua kama joistiki. Mbao si shida: kipande cha mkaratusi, mti uchomwao kwa wingi katika viwanda vya majanichai, chatosha.

Kitasa kina miguu mitatu. Lehemu mguu mmoja wa pembeni kwa waya wa volti 5, wa pili kwa waya wa GND, na wa katikati kwa A0. Kaza kijiti cha mbao kwenye kitasa, kisha ukipake rangi nyekundu kama ilivyo katika ndege. Pakia katika kibao programu ya joistiki, uunganishe kwa USB.

Kitasa huzunguka nyuzi 270 hivi, lakini wenzo utasogea 90 tu. Kwa hiyo ionyeshe kompyuta mwanzo na mwisho wa wenzo. Ukifanya kazi kinyume, badilisha waya mbili za pembeni.

Sasa mjaribu kijana. Apae kwanza kutoka Mombasa, wenzo ukiwa mbele kabisa. Kisha aende Kerenga, au Eldoret ambako pia ni juu sana. Aongeze nguvu za injini, avute wenzo polepole hadi mizunguko ifike kileleni, ndipo apae.

Mazoezi haya hayampi leseni, mzazi mwenzangu. Lakini siku atakapoketi katika ndege halisi, mkono wake utajua kwa nini kifundo kile ni chekundu.