Mulevi Apelekwe Wapi?



Kila trimesta tunasikia habari ileile: mwanafunzi fulani amekamatwa na kanyanga katika chupa ya maji, na klasi nzima inangoja kusikia kama atafukuzwa. Juu ya azabu tunasema sana. Lakini kuna ulizo moja ambalo halisemwi: kama kweli pombe imekwisha kumushika, apelekwe wapi ili apone? Juu ya ulizo hilo tumeona vema kuandika.

Kwetu njia ni tatu, na kila mutu anazijua. Ya kwanza ni kumufukuza: ku masomo, ku nyumba, hata ku kanisa. Ya pili ni kumufungia ndani, wengine hata kwa kamba, "mpaka pombe itoke ku damu." Ya tatu ni kumupeleka ku chumba cha maombi, alale pale siku nyingi bila kula, juu banasema iko na pepo. Sisi ni watoto wa kanisa, hatuzarau maombi hata kidogo. Lakini tunasema wazi: mutu aliyezoea pombe sana, ukimukatisha kwa moja ya njia hizi bila munganga, anaweza kufa.

Juu ya nini? Pombe inatuliza bongo. Mutu akikunywa kila siku kwa muda mrefu, bongo zake zinajikaza kupigana na ule utulivu. Siku anapoacha mara moja, pombe imetoka lakini bongo zingali zinajikaza. Saa chache kisha kikombe cha mwisho, mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio, usingizi unakimbia. Katika siku 2 za kwanza anaweza kuanguka sawasawa na mwenye kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine wanachanganyikiwa kabisa: wanaona wanyama na watu wasiokuwako, wanapiga kelele usiku. Wanganga wanaita hali hiyo delirium tremens. Hapo jamaa inasema: "Muliona? Pepo njo inatoka!" Kumbe ni mwili unaoomba musaada. Na akinyimwa chakula hatari inazidi, maana walevi wengi wamekosa vitamini B1, na kukosa vitamini hiyo kunaweza kuharibu bongo kwa daima.

Kwa hiyo mulango wa kwanza ni hospitali. Pale wanamuuliza alikunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ni lini. Wanamupa vitamini B1, maji na chakula. Akiwa na hatari ya kuanguka, wanamupa diazepam kwa siku chache, wakiipunguza polepole. Dawa hiyo haiko ya kununua ku soko na kujipimia ku nyumba. Nayo inazoeza mutu, na ikichanganywa na pombe inaweza kukata pumzi.

Hatusemi kila mwanafunzi aliyeonja kanyanga alazwe hospitalini. Kuna maulizo 4 mepesi ambayo munganga John Ewing wa Marekani alitangaza mwaka 1984. Wanganga wanaosema Kifaransa wanayaita DETA. Je, umewahi kuona kwamba inafaa upunguze pombe? Watu wako wamewahi kukusumbua juu ya kunywa kwako? Umewahi kujisikia kwamba unakunywa kupita kiasi? Umewahi kuhitaji pombe asubuhi ili mwili utulie? Mwenye kujibu "ndiyo" mara 2 ao zaidi, inafaa aone munganga. Tena mwenye bangi hatunzwi sawasawa na mwenye kanyanga: mwenye kuacha bangi anakosa usingizi na anakasirika bure, lakini hakutani na hatari ile ya mwenye kuacha pombe kwa gafula. Ndiyo sababu matunzo mema yanaanza na maulizo, hayaanzi na fimbo.

Lakini kukausha mwili haiko kupona. Hapa ndipo wazazi wengi wanakata tamaa. Wanauza mbuzi, wanalipa hospitali, kijana anarudi nyumbani na macho meupe, kisha mwezi mmoja anaanguka tena. Wanasema: "Tulipoteza franga bure." Wazee wetu, angalieni mugonjwa wa kifua kikuu. Anameza dawa miezi 6, hata kama kikohozi kimetulia mbele ya wakati, na hakuna anayesema kwamba miezi ile ni ya bure. Ulevi nao ni ugonjwa wa muda mrefu. Kuanguka tena ni alama kwamba matunzo yaendelee ao yabadilishwe. Haiko alama kwamba mutu ametupwa na Mungu.

Kwa safari hiyo ndefu mugonjwa anahitaji wenzake. Sisi Waprotestanti tuna mufano muzuri: mwaka 1877, kule Geneva, Mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Croix-Bleue ili kusaidia walevi. Walevi walitia sahihi kwamba hawatakunywa kwa muda fulani, na wasiokuwa walevi nao walitia sahihi ili watembee pamoja nao. Mwaka 1935, kule Akron, Marekani, walevi wawili walianzisha Alcooliques Anonymes, ambamo mulevi anasaidiwa na mulevi mwenzake. Vikundi hivyo havihitaji mashini wala majumba makubwa. Vinahitaji watu wanaokutana kila juma na kusema kweli bila kuchekana.

Hata katika inchi yetu kuna mahali pa kubisha hodi. Bukavu kuna SOSAME ya Frères de la Charité. Goma kuna Tulizo Letu, na Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain. Kinshasa kuna CNPP ya Mont-Amba. Mwenye kukaa mbali aanze na kituo cha afya cha karibu, aombe barua ya kumutuma mbele.

Na popote munapomupeleka mugonjwa, hata kama ni ku chumba cha maombi, ulizeni kwanza: Usiku nani anamuchunga? Kuna munganga ao muuguzi? Anakula? Wanamufunga kamba? Jamaa inaruhusiwa kumuona? Akirudi nyumbani, nani atamufuata? Mahali ambapo hawataki kujibu maulizo haya, musimuache mutoto wenu pale.

Kuna neno moja gumu ambalo hatutaki kulificha. Wengi kati yetu tunalipiwa minervali na pesa za kanyanga. Mama anapika usiku karibu na moshi, asubuhi mutoto anakuja ku masomo na daftari mupya. Hatuhukumu mama huyo. Njaa na minervali havingojei. Lakini kijana anayetoka hospitali akirudi kulala karibu na pipa linalochemka, matunzo yake yataharibika. Basi kwa miezi ya kwanza akae kwa mujomba ao kwa shangazi, mahali ambapo pombe haipikwi. Na kanisa linalokataza kanyanga lisaidie mama kupata kazi ingine, juu kukataza peke yake hakulipi minervali.

Sasa tunageuka kwa Bwana Prefe na kwa Baraza la Nizamu, kwa heshima yote. Hatuombi kwamba makosa yaachwe bila azabu. Mwenye kuleta pombe katika internati aazibiwe. Tunaomba paka mambo mawili. La kwanza: mbele ya kumufukuza mutu, apelekwe kwanza ku kituo cha afya, aulizwe yale maulizo 4. La pili: akionekana mugonjwa, akubali kutunzwa, nafasi yake ichungwe mpaka arudi. Kijana aliyefukuzwa hana tena klasi, hana kwaya, hana marafiki wasiokunywa. Amebaki na wale wa kilabuni peke yao. Tukimufukuza vile, tumemuchagulia matunzo mabaya kupita yote.

Musamaria mwema tunamuhubiri kila mwaka. Hakuishia kumuhurumia yule aliyejeruhiwa. Alifunga vidonda, akamubeba juu ya punda wake, akamufikisha mahali pa kulala, akalipa mwenye nyumba, na akaahidi kurudi. Kidonda, makao, malipo na kurudi: mulevi naye anahitaji yote manne, na maombi yetu yamufuate kila hatua.

Hilo ndilo wazo letu. Mwenye wazo lingine atuandikie, tutalitia katika gazeti linalokuja.

Kikundi cha gazeti