MCHELE WETU NAO UPIMWE

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nahofia kuwa siku hizi kikulacho chaweza kuwa sahanini mwako pia, tena kando ya maharagwe, kikinukia vizuri ajabu!

Sisi tuliozaliwa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, mpunga ndio karo yetu, ndio nguo zetu, na ndio nauli ya kuja hapa shuleni. Mradi wa unyunyizaji ulipoanza katika miaka ya 1950, mkulima alipewa ekari nne hivi. Leo ekari hizo zimegawanyiwa wana na wajukuu. Kwa hivyo mtu asije akadhani kwamba naandika ili kuwachongea wakulima. La hasha! Hao ni baba zetu na mama zetu, nami naandika kuwatetea. Rai yangu ni moja: mchele wa mkulima mdogo upimwe masalia ya dawa kabla haujafika sokoni, na gharama isiachwe mabegani mwake peke yake.

Kwanza tuulizane, kwa nini dawa zinatumika? Mkulima wa mpunga ana maadui wengi. Kuna magugu, kuna wadudu, kuna kwelea wanaoshuka kama wingu. Isitoshe, mnamo mwaka 2020 alionekana Mwea konokono wa kigeni anayekula miche michanga usiku na kuacha mashimo matupu. Mtu aliyekopa pesa za mbegu na mbolea atafanya nini? Anakimbilia duka la dawa. Akifika pale anauliza, "Ile kali iko?" Wachache mno huuliza ni siku ngapi zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Na hapo ndipo penye kisa, kwa sababu dawa ikinyunyiziwa karibu na mavuno hupata nafasi ndogo ya kuisha kabla mpunga haujaingia guniani.

Tusiseme mambo haya ni ya kubuni. Ile dawa ya Furadan, yenye kemikali ya kabofurani, iliondolewa katika maduka ya Kenya na waliyoitengeneza mwaka 2009, baada ya dunia kusikia jinsi ilivyotumiwa kuwaua simba. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa nchi yetu, ilitumiwa kuwatega ndege, na nyama ya ndege hao ikauzwa, watu wakala. Waama, sumu ikishazoeleka haibaki shambani.

Kuna wanaosema, "Mimi sinyunyizi ovyo, mchele wangu ni safi." Huenda wanasema kweli. Lakini maji ya mpunga hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi, yakapita mferejini, yakaingia shamba la huyu na kutokea kwa yule. Dawa ya jirani haibishi hodi! Basi mkulima mwangalifu atajuaje kuwa yake ni safi? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini masalia ya dawa hayaonekani kwa macho, wala hayanuki. Kuosha mchele ni vizuri, na kuukoboa huondoa sehemu kubwa ya masalia yaliyo kwenye maganda na pumba. Hata hivyo, ziko dawa zinazoingia ndani ya mmea wenyewe. Hizo haziishi kwa kusuuza mara mbili.

Dawa ya jambo hili ni maabara. Huchukuliwa mchele kidogo kidogo kutoka magunia mbalimbali, ukachanganywa ili upatikane kama kilo moja ya kupelekwa kupimwa. Huko husagwa, kemikali zikatolewa kwa kiyeyusho, kisha mashine ikazitenga na kuzitambua moja moja. Mashine hizo zina uwezo wa ajabu. Kwa kemikali nyingi ambazo hazikuwekewa kiwango maalumu, Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 0.01 katika kilo moja ya chakula. Nimepiga hesabu: hiyo ni sawa na gramu moja tu katika magunia 2,000 ya kilo 50!

Sasa sikilizeni kioja. Katika kaunti yetu hii hii hulimwa maharagwe ya kijani, yale tunayoyaita mishiri, ya kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba katika kila shehena 100 za maharagwe na njegere kutoka Kenya, 10 zipimwe masalia ya dawa. Watu walilia, lakini walijifunza. Wakulima wa mishiri wakafundishwa kuandika tarehe ya kunyunyiza na kuhesabu siku za kusubiri. Kumbe inawezekana! Maabara tunazo, kama ile ya KEPHIS, shirika lililoundwa mwaka 1996. Swali langu ni hili: ikiwa mishiri ya kuliwa na mgeni yachunguzwa hivyo, pishori ya kuliwa na mtoto wa Kenya imekosa nini?

Najua nitaambiwa kwamba kupima ni ghali. Ni kweli, mtu wa ekari moja hawezi. Ndiyo maana vyama vya ushirika viko. Ushirika uchukue sampuli za pamoja, sehemu kwa sehemu, msimu kwa msimu, na serikali ya kaunti ichangie malipo. Matokeo yabandikwe ukutani kwa lugha ya watu. Atakayepatikana amepita kiwango afundishwe kwanza, asikimbizwe kama mwizi. Na mchele unaotoka nje, ambao ndio mwingi nchini, nao upimwe kwa mizani hiyo hiyo, la sivyo tutakuwa tunamwonea mtu wetu.

Wengine watasema, "Tumekula miaka yote na hatujafa." Jamani, hayo si majibu. Kiasi kidogo hakimwangushi mtu siku moja, na ndiyo sababu hatukioni.

Tena kuna faida. Tangu mwaka 2009 wapo wakulima Mwea wanaotumia kilimo shadidi: mche mmoja mmoja, nafasi pana, maji kuingizwa na kukaushwa kwa zamu, magugu kupaliliwa kwa kifaa badala ya kumwagiwa dawa tu. Hiki ndicho kilimo endelevu tunachokisoma darasani. Lakini sokoni mchele wa mtu huyo humwagwa rundo moja na wa yule wa "ile kali iko?" Bei moja! Ni kipimo pekee kinachoweza kumpa haki yake. Bila kipimo, neno "endelevu" litabaki kuwa pambo la hotuba.

Wanafunzi wenzangu, mkienda likizoni someni maandishi yaliyo kwenye chupa za dawa nyumbani, mwahesabie wazazi siku za kusubiri, maana maandishi yale ni madogo na wengine wao macho yamechoka. Nanyi walimu wetu, mkialikwa katika mikutano ya ushirika, lisemeeni jambo hili. Pishori yetu yasifiwa kwa harufu yake. Ifike siku isifiwe pia kwa cheti chake.