Kruzi ya Kwanza: Kabla Ulipie Balkoni, Uliza Keja Iko Wapi

Kama ulicheki ile dokumentari ya Netflix ya 2025, Trainwreck: Poop Cruise, unajua kilichowapata wasee wa Carnival Triumph. Februari 2013 moto ulishika kwa chumba cha injini, stima zikapotea, vyoo vikagoma, na meli ikabaki inaelea Ghuba ya Mexico na watu zaidi ya 4,000 ndani. Ilivutwa mos mos mpaka Mobile, Alabama, ikafika baada ya siku nne.

Watu wengi walicheka stori ya vyoo. Mimi nilishikwa na stori ya magodoro. Wasee wa keja za ndani, zile hazina dirisha, walibeba magodoro wakaenda kulala nje kwa sitaha, juu ndani kulikuwa giza na joto ya kukaanga mtu. Mwenye balkoni alifungua mlango akapata hewa. Walikuwa kwa meli moja, na shida ni ile ile, lakini usiku wao haukufanana hata kidogo.

Sasa hii stori imeanza kutuhusu. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka, na MSC hutoa meli zake Durban ikifika msimu wa joto wa huko, kuanzia Novemba hivi. Safari nyingi ni fupi, usiku tatu au nne, zinapanda upande wa Mozambique. Kwa hivyo mbogi inachanga, maharusi wanapanga honeymoon, na swali la kwanza kwa group ya WhatsApp ni, "Ya balkoni ni how much?" Hilo swali ndio huchoma watu.

Aina zenyewe si ngumu kuelewa. Kuna keja ya ndani, haina dirisha. Kama umewahi kuishi Pipeline huhitaji maelezo: saa sita mchana unawasha taa kutafuta kiatu. Kuna ya dirisha, unaona bahari lakini dirisha halifunguki. Kuna ya balkoni. Halafu kuna switi za wadosi, hizo tuziruke. Keja ya kawaida ni kama mita 15 mraba, yaani bedsitter, tena bedsitter ya watu wawili na mabegi manne.

Na usidhani balkoni zote zinaangalia bahari. Tangu Oasis of the Seas itoke 2009, kuna balkoni zinaangalia ndani, kwa bustani iliyopandwa katikati ya meli. Unatoka na kahawa yako asubuhi, unasalimia jirani wa upande ule mwingine akiwa na boksa. Pia kuna madirisha yamezibwa na mashua za kuokoa watu, na hiyo huandikwa kwa maandishi madogo sana chini ya bei. Soma hayo maandishi.

Tuje kwa kitu muhimu kuliko aina: keja iko wapi.

Umewahi kukaa kiti cha nyuma kabisa kwa nganya, dere apige bampu bila kupunguza? Unagusa dari. Msee wa katikati hata hajaacha kuscroll. Meli ni hivyo hivyo. Inacheza kama ule ubao wa watoto, mmoja akipanda huku mwingine anashuka kule, na katikati hapasongi sana. Pia kadiri unavyoenda juu ndivyo inavyoyumba zaidi. Kwa hivyo mahali pa amani ni katikati, chini. Shida ni kwamba keja za juu ndizo huuzwa ghali, juu ya mapicha. Unapata msee ameongeza doh ndio atapikie mahali pazuri.

Halafu kuna kelele. Kabla ulipe, fungua ramani ya meli, kila kampuni huweka kwa mtandao, na uangalie nini iko juu yako na nini iko chini. Ukiwa chini ya swimming pool au ya mahali pa buffet, alfajiri utasikia viti vikivutwa. Ukiwa juu ya klabu au ukumbi wa shoo, usingizi wako unategemea DJ. Mbele kabisa kuna nanga, na meli ikisimama mbali na gati asubuhi, ule mnyororo ukishuka utadhani mtu anabomoa ukuta. Tafuta keja iliyo na keja zingine juu na keja zingine chini. Na ukiona alama ya mlango unaounganisha keja mbili, ujue utasikia kesi zote za majirani.

Hapa ndipo ile bei tamu inaponasa watu. Kampuni nyingi zinakuuzia aina ya keja, lakini namba wanachagua wao. Umenunua ukiwa umefunga macho. Unaweza kupata bahati, unaweza kupata nyuma kabisa juu ya injini. Maoni yangu, na mtu anaweza kubisha: kwa safari fupi ya kwanza, heri keja ya ndani ya katikati uliyochagua namba wewe mwenyewe kuliko balkoni ya kupewa. Kama hata feri ya Likoni hukupa kizunguzungu, ongeza kidogo uchukue ya dirisha, hapo hapo katikati chini. Kuona mstari wa bahari husaidia tumbo kutulia.

Kuhusu doh, kuna mtego mwingine. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja kwa keja ya wawili. Ukienda solo, mara nyingi unalipia hata kile kitanda kitupu, karibu mara mbili. Norwegian Epic ilitoka 2010 na vijikeja vya mtu mmoja, wengine wakaiga kidogo, lakini meli nyingi bado zinamchapa aliye single. Upande mwingine, mkiwa wanne mnaweza kuingia keja moja, vitanda viwili vinatoka kwa ukuta au dari, na wa tatu na wa nne hulipa kidogo. Ni sawa kama mnapendana, juu bafu ni moja na ukigeuka unagonga kiwiko. Na kumbuka juu ya bei ya keja kuna tipu ya kila siku kwa kila kichwa, vinywaji na wifi. Ile tofauti ya balkoni inaweza kukutoshea hizo zote.

Lakini siwezi kusema balkoni ni ya mapicha tu. Februari 2020, Diamond Princess ilifungiwa Yokohama juu ya Covid ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 walipatikana na virusi. Abiria waliambiwa wakae kejani kwa wiki mbili, na wale wa ndani walikuwa wanatolewa kwa zamu kidogo tu waone jua. Mambo kama hayo ni nadra, sawa, lakini kama ni safari ya wiki kadhaa, au unaenda na matha ambaye ana shida ya kupumua, lipia hewa bila kufikiria mara mbili.

Kwa hiyo meli kuna watu ambao hawakufungiwa. Wafanyakazi. Waliendelea kupika na kupeleka chakula milangoni, usiku wanarudi kulala kwa keja za kushare.

Na hapo ndipo Wakenya wengi watalala kwa meli yao ya kwanza, si kama watalii. Vijana wanatafuta hizi kazi sana, kuanzia Coast mpaka Nairobi, na mkataba huwa wa miezi mingi, mara sita, mara tisa. Ule mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya ilitia sahihi kuufuata, unaruhusu meli za abiria kuweka vyumba vya wafanyakazi chini ya mstari wa maji, bora kuwe na mwanga na hewa ya kutosha. Kawaida ni wawili kwa chumba, kitanda cha juu na cha chini, na dirisha usahau. Sheria hiyo hiyo inataka upate masaa 10 ya kupumzika kwa kila masaa 24.

Mtalii anasoma ramani wiki nzima kwa ajili ya usiku nne. Wewe wa miezi tisa huulizi chochote, unauliza mshahara tu. Uliza wakala: nalala sitaha gani, tuko wangapi, choo ni yetu ama ni ya korido? Na akikuitisha doh ya kukutafutia kazi, huo mkataba unakataza. Yako ni kulipia pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Hata viza ni ya mwenye meli.